Sudo siyo dawa ya kila komandi inayogoma: jinsi ya kuinstoli programu kwenye Linux bila kuharibu mashine

Umefungua terminali kwenye Ubuntu, moja ya aina za Linux, umeandika apt install vlc (apt ndo inayoinstoli programu, vlc ni ya kuchezea video), mashine imegoma. Inakwambia haiwezi kulishika lile faili la lock kule /var/lib/dpkg, Permission denied, afu mwishoni inakuuliza "are you root?". Mtu wa pembeni anakwambia weka sudo mbele, yaani iendeshe kwa nguvu za root, msimamizi wa mashine, unaweka, inakubali, na kuanzia siku hiyo kila kinachogoma unakiwekea sudo. Hapo ndo matatizo yanapoanzia, maana sudo haitibu chochote, inaondoa kizuizi tu, na kile kizuizi mara nyingi kiliwekwa kwa sababu. Kwa hiyo tupitie taratibu, wapi uiweke, wapi usiiweke kabisa, na ukishaharibu unarudi vipi. Mifano mingi ni ya Ubuntu na Debian maana ndo zimejaa kwenye laptopu za watu, Fedora nitaigusia.

Kwanza jua kwa nini inagoma. Andika hii:

id

Utaona uid=1000 na jina lako, hiyo ndo namba ya yuza wa kwanza kwenye Ubuntu na Debian. Yuza anayeitwa root namba yake ni 0, na kerneli, kiini cha Linux, karibu haimkatalii kitu. Sasa ukiandika ls -ld /usr/bin /etc /var/lib/dpkg utaona mwenye folda zote hizo ni root, na apt ikiinstoli programu inaandika humo humo, kwa hiyo we wa 1000 huna ruhusa. Folda yako ya /home ni yako, humo unaandika unavyotaka bila kumuomba mtu. Shika hilo tu, maana swali la kujiuliza kila mara kabla ya kuweka sudo ni moja: hii kitu inaenda kuandika wapi? Kama ni kwenye mfumo, sudo ina haki yake. Kama ni nyumbani kwako na bado inagoma, kuna kitu kingine kimeharibika na sudo itaongezea tu uharibifu.

Sudo yenyewe ni ya zamani, iliandikwa mwaka 1980 hivi na Bob Coggeshall na Cliff Spencer pale chuo kikuu cha SUNY Buffalo, Marekani, na wazo lao mpaka leo ndo hilo hilo: badala ya kumpa mtu paswedi ya root akae nayo siku nzima, unampa nguvu kwa komandi moja, ikiisha anarudi kuwa yuza wa kawaida. Ndo maana paswedi inayoulizwa ni yako mwenyewe, siyo ya root. Kwenye Ubuntu akaunti ya root imefungwa kabisa tangu mwanzo, haina paswedi, usihangaike kuitafuta. Na ukiwa unaandika paswedi, kwenye matoleo mengi hutaona kitu kinatokea kwenye skrini, hata nyota hamna, watu wanadhani kibodi imekufa, hapana, andika mpaka mwisho bonyeza Enter.

Kuna kitu watu hawakijui na kinahusu usalama wako moja kwa moja. Ukishaandika paswedi mara moja, sudo inakukumbuka kwa muda, kwenye Ubuntu na Debian ni dakika 15, sudo ya asili ilivyotoka kwa waandishi wake ni dakika 5. Ndani ya huo muda, skripti yoyote utakayoiendesha kwenye terminali hiyo hiyo ikiwa na neno sudo ndani yake inapita bila kukuuliza, wala hutajua. Kwa hiyo ukimaliza kuinstoli, na hasa ukiwa unataka kujaribu skripti ya mtu usiyemjua, andika

sudo -k

inasahau hapo hapo, ikitaka tena itakuuliza. Hii komandi ni fupi na mi naona ilitakiwa kufundishwa siku ile ile mtu anapofundishwa sudo.

Haya, tuinstoli sasa. Njia salama kuliko zote ni programu inayotoka kwenye hazina ya distro yako mwenyewe (aina ya Linux unayotumia), maana pakeji zake zimepita mikononi mwa watu wanaowajibika na zimesainiwa, apt inahakiki saini yenyewe. Unaanza na

sudo apt update

afu kabla hujainstoli fanya jaribio ambalo halihitaji sudo kabisa:

apt install -s vlc

Hiyo -s maana yake iga tu, haigusi kitu, inakuonyesha pakeji zipi zitaingia na zipi zitatoka. Soma hasa zinazotoka, kuna mstari unasema REMOVED, kwenye apt za sa hivi unaandikwa REMOVING kwa rangi nyekundu. Ukiona unainstoli programu moja ya muziki afu inataka kutoa pakeji ambazo jina lake lina desktop au linux-image, simama. Hii siyo hadithi ya kutishana, Novemba 2021 yule mwanayutubu wa Canada, Linus Sebastian, alionyesha akiinstoli Steam kwenye Pop!_OS, apt ikamwambia wazi kwamba itaondoa vitu muhimu na kama anataka kuendelea aandike sentensi nzima "Yes, do as I say!", akaandika, dawati lote likaondoka akabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Pakeji ilikuwa na kasoro siku hizo, kosa halikuwa lake peke yake, na baadaye apt ikabadilishwa isiruhusu kirahisi hivyo. Lakini ona, sudo ilishapewa, kwa hiyo kizuizi pekee kilichobaki kilikuwa ni mtu kusoma. Na ndo maana siipendi ile -y watu wanayobandika kila mahali, sudo apt install -y, hiyo -y inajibu ndiyo kwa niaba yako kabla hujaona swali. Kwenye skripti ya seva sawa, kwenye laptopu yako unaharakia wapi.

Jaribio likiwa safi, sudo apt install vlc, umemaliza. Kwa Fedora ni sudo dnf install.

Kuna mitego miwili midogo ya kuandika. Ukiandika sudo apt update && apt upgrade, sudo ni ya ile ya kwanza tu, baada ya && lazima uiandike tena. Na hii inayochosha wengi, ukitaka kuongeza mstari kwenye faili la /etc kwa sudo echo kitu > /etc/faili, itagoma, kwa sababu ule mshale > unafanywa na sheli (ile inayosoma unachoandika kwenye terminali) yako wewe wa 1000 kabla sudo haijaanza hata kupumua. Fanya hivi:

echo "mstari wako" | sudo tee -a /etc/faili

na uhakikishe -a ipo, ukiisahau tee inafuta yote yaliyokuwemo inaacha mstari wako mmoja.

Mara nyingine umeweka sudo vizuri na bado inagoma, inasema Could not get lock, na inakutajia aliyeshika, mara nyingi ni unattended-upgr. Hiyo ni Ubuntu inajiapdeti yenyewe huko nyuma, hasa ukiwa ndo umewasha mashine na umeunganisha intaneti. Utakutana na ushauri wa kufuta lile faili la lock kwa sudo rm. Usifute. Ile lock ipo ili programu mbili zisiandike kwa wakati mmoja kwenye daftari la dpkg, ile inayoweka pakeji chini ya apt, ukiifuta na mwenzio anaendelea kuandika, daftari linachanika na kulitengeneza ni kazi. Subiri, kama bando lako ni dogo linaweza kuchukua muda, ila subiri. Kama umeme ulikatika katikati ya kuinstoli na sasa kila kitu kinalalamika, dawa ni sudo dpkg --configure -a halafu sudo apt -f install.

Sasa kuna wale ambao sudo yenyewe inawakataa, inasema hawamo kwenye sudoers, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo. Hii inawapata sana watu wa Debian, na sababu ni kwamba wakati wa kuinstoli Debian inakuuliza paswedi ya root, ukiiweka, inaamua kwamba utatumia root na haikuingizi kwenye grupu la sudo, ukiiacha wazi ndo inakuweka. Hujaharibu kitu. Ingia kama root kwa

su -

na hicho kistari usikiache, bila hicho utaambiwa usermod haipo, maana njia ya /usr/sbin haimo kwenye PATH (orodha ya folda inamotafutwa komandi) uliyokuja nayo. Sudo yenyewe kama haipo iinstoli hapo hapo kwa apt install sudo, halafu:

usermod -aG sudo juma

Badala ya juma weka jina lako. Hapa nataka ushike kitu, ile a kwenye -aG ni ya kuongeza. Ukiandika -G peke yake, Linux inakutoa kwenye magrupu mengine yote inakuacha na hilo moja ulilotaja. Fikiria mtu ana sudo tayari, anataka kujiongeza grupu la docker, anaandika sudo usermod -G docker juma, inapita kimya kimya bila onyo, anarudi kesho yake hana sudo tena na root imefungwa. Kwenye Ubuntu ikikukuta hivyo, washa mashine uingie kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla mfumo haujawaka, chagua Advanced options, recovery mode, halafu root, andika mount -o remount,rw / kisha adduser juma sudo, reboot. Kwa Fedora grupu linaitwa wheel, siyo sudo. Na baada ya kuongezwa grupu lolote lazima utoke uingie upya kwenye akaunti, ukiandika id na bado hulioni ndo sababu.

Pakeji za nje

Hapa ndo nataka tukae, maana hapa ndo watu wanatoa nguvu zote bila kujua wametoa. Umeshusha faili la .deb kutoka kwenye tovuti fulani, unaandika sudo apt install ./faili.deb. Watu wengi wanafikiri kinachotokea ni mafaili kunakiliwa tu. Siyo hivyo. Ndani ya .deb kunaweza kuwa na skripti, preinst inaendeshwa kabla ya mafaili kuwekwa, postinst baada yake, na zote zinaendeshwa kama root. Yaani aliyetengeneza lile faili anafanya anachotaka kwenye mashine yako kwa dakika hiyo, anaweza kuongeza yuza, kubadilisha mafaili ya /etc, chochote. Haina maana wote ni wabaya. Mfano Google Chrome, .deb yake ikishaingia inaongeza chanzo cha Google kwenye orodha ya apt ili Chrome iwe inajiapdeti, na hilo linafanywa na skripti. Ni jambo la maana, ila ilitakiwa ulijue kabla.

Na kulijua ni rahisi, unafungua pakeji bila kuiinstoli na bila sudo:

dpkg-deb -e faili.deb ukaguzi
less ukaguzi/postinst

Inakutengenezea folda inayoitwa ukaguzi, humo kuna control inayosema pakeji ni ya nani na inategemea nini, na hizo skripti kama zipo. Huhitaji kuwa mtaalamu wa bash. Angalia kama kuna curl au wget inashusha kitu kingine kutoka mahali, angalia useradd, angalia kama inagusa sudoers, angalia mstari mrefu wa herufi zisizosomeka. Ukikuta moja ya hizo na huelewi kwa nini ipo, acha hiyo pakeji mpaka uelewe.

Ile mistari ya curl halafu | sudo bash ni hatari hiyo hiyo na zaidi, maana hapo hata nafasi ya kusoma hujajipa. Shusha kwanza, curl -fsSL -o weka.sh na anwani yake, soma kwa less weka.sh, ukiridhika ndo bash weka.sh, na ianze bila sudo. Skripti iliyoandikwa vizuri itaomba sudo yenyewe pale inapohitaji, na utaona imefika wapi inapoomba.

Vya kuinstoli bila sudo kabisa

Vingi kuliko unavyodhani. Tuanze na Python maana ndo inaongoza kwa uharibifu. Sudo pip install (pip ndo inayoinstoli maktaba za Python) ilivunja mashine nyingi kwa sababu Ubuntu na Debian zinatumia Python hiyo hiyo kwa kazi zao za ndani, add-apt-repository kwa mfano imeandikwa kwa Python, sasa pip yako ikileta maktaba ya toleo lingine ikakaa mbele ya ile ya mfumo, vitu vinaanza kufa ambavyo hata hujavigusa. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 pip inakukatalia yenyewe, inasema externally-managed-environment, na katika maelezo yake inataja --break-system-packages. Jina la hiyo chaguo limejieleza, linavunja pakeji za mfumo, usiitumie eti kwa sababu ndo ya haraka. Njia ni hii:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/kazi
~/kazi/bin/pip install requests

Sudo imetumika mara moja, kwa kitu cha mfumo, na vilivyobaki vyote viko nyumbani kwako, ukivichoka unafuta folda ya kazi na hakuna kilichobaki nyuma. Kwa programu za Python za kutumia kwenye terminali, kama yt-dlp, tumia pipx, inafanya hayo yote yenyewe.

Npm, ya kuinstoli vitu vya JavaScript, ikikuletea EACCES (huna ruhusa) ukiweka -g, ni kisa kile kile, inataka kuandika kwenye mfumo. Iambie iandike kwako, npm config set prefix ~/.local, na Ubuntu ikiona una folda ya ~/.local/bin inaiweka kwenye PATH yenyewe ukiingia upya. Flatpak, njia nyingine ya kuinstoli programu, nayo ina --user, unaongeza hazina ya Flathub kwa flatpak remote-add --user halafu flatpak install --user flathub org.videolan.VLC, hakuna paswedi ya adimini hapo. AppImage, programu iliyo kwenye faili moja, ni kuipa chmod +x na kuifungua. Na ukijenga kutoka kwenye msimbo wenyewe, ./configure --prefix=$HOME/.local, make, make install, zote bila sudo. Hata ukiamua iende /usr/local, sudo ni ya make install peke yake, ukiweka sudo kwenye make unaacha mafaili ya root ndani ya folda yako na kesho kila kitu kinakugomea.

Kama umeshaharibu

Dalili kubwa ni hiyo, programu ya kwako mwenyewe inalalamika Permission denied ndani ya /home. Tafuta:

find ~ -user root

Vikitokea vitu kwenye .cache au .config au .npm, virudishe mwenyewe, sudo chown -R $USER: ~/.cache na vingine vivyo hivyo kwa majina. Kama .Xauthority ni ya root ndo ile unaandika paswedi sahihi kwenye kuingia na inakurudisha pale pale, umefungua programu ya madirisha kwa sudo mahali fulani. Kwa kuhariri faili la mfumo tumia sudoedit, inakupa nakala uihariri kama yuza wa kawaida, ukihifadhi ndo inairudisha mahali pake.

Usiandike chmod -R 777 wala chown -R kwenye /usr au / hata ukishauriwa na nani. Ukifanya chown kwenye /usr yote, sudo yenyewe inakufa, itasema lazima imilikiwe na uid 0 na iwe na setuid (alama ya kuiendesha kwa nguvu za mwenye faili), na huwezi kuitumia sudo kuitengeneza sudo. Hapo mara nyingi ni kuhamisha data na kuinstoli upya.

Na /etc/sudoers usiifungue kwa nano ya kawaida, tumia sudo visudo, inakagua kabla ya kuhifadhi, kosa la herufi moja humo linaweza kufungia wote nje. NOPASSWD, ile ya kufanya sudo isiulize paswedi, nashauri usiiweke. Wengine wanasema nimeiweka kwa apt tu, haina shida, lakini apt ina uwezo wa kuita komandi nyingine ikiwa inaendeshwa, kwa hiyo aliyepewa apt bila paswedi amepewa root yote. Na apdeti sudo yenyewe, Januari 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza tundu lililokaa humo tangu 2011 ambalo yuza yeyote wa mashine, hata asiye na sudo, aliweza kulitumia kuwa root. Walioapdeti siku hizo walikuwa salama.

Kama mashine inatumiwa na watu wengi, ofisini au kwenye maabara ya shule, kila mtu awe na akaunti yake, sudo adduser asha, na asha asiingizwe grupu la sudo mpaka kuwe na kazi inayohitaji. Faida nyingine ya kuwa na akaunti mbalimbali utaiona hapa:

less /var/log/apt/history.log

Vilivyoinstoliwa kwa apt karibuni vimo na tarehe zake, na kuna mstari wa Requested-By unaotaja jina la aliyetumia sudo na namba yake, kwa mfano juma (1000). Ukikuta pakeji huielewi unajua pa kuuliza, na kama hakuna anayeihitaji, sudo apt purge na jina lake, ila anza na -s kama kawaida uone inaondoka na nani.